Kabla Hawajaomba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mungu na Maombi katika Vitabu vya Manabii

Maswali haya hurudi kila mara vitabu vya manabii vinaposomwa, iwe kwenye jumuiya ndogondogo, kwenye ibada za nyumba kwa nyumba au kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Nukuu fupi zinafuata Biblia ya Union. Kwingine nimesimulia kwa maneno yangu. Uwe na Biblia karibu, kwa sababu makosa mengi katika mada hii hutokana na mstari mmoja kung'olewa kwenye sura yake na kubandikwa kwenye kalenda.

Mstari unaosema Mungu hujibu kabla hajaombwa uko wapi?

Uko Isaya 65:24: "Na itakuwa ya kwamba, kabla hawajaomba, nitajibu, na wakiwa katika kunena, nitasikia."

Wengi wanaujua kwa moyo, wachache wanajua ulikotoka. Kuanzia 63:7 hadi mwisho wa sura ya 64 kuna sala moja ndefu ya malalamiko. Hekalu limeteketea, miji imekuwa nyika, na waombaji wanamtaka Mungu apasue mbingu ashuke. Wanamalizia kwa swali zito: je, utaendelea kunyamaza? Sura ya 65 ndiyo jibu lake, na halianzi kwa maneno ya kubembeleza. Mungu anasema yeye ndiye aliyekuwa akingoja. Alikuwa tayari kwa watu wasiomuuliza, akawanyoshea mikono mchana kutwa watu wakaidi.

Itazame hiyo mikono. Katika sura ya kwanza ya kitabu hikihiki, mstari wa 15, wanaokunjua mikono ni watu, na Mungu anasema atayaficha macho yake. Sasa mambo yamegeuka. Mungu ndiye amekunjua mikono kama mwombaji, na watu ndio hawatazami. Walikuwa wanalalamikia kimya ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa chao wenyewe. Nikiulizwa manabii wanafundisha nini kuhusu maombi, huwa naanzia hapo: utayari wa Mungu kuitika haujawahi kuwa ndio shida.

Basi ahadi hiyo ni ya leo au ya siku za mwisho?

Ukisoma kuanzia mstari wa 17 utaona ni sehemu ya maono ya mbingu mpya na nchi mpya. Hakuna mtoto mchanga wa kuishi siku chache tu. Watu wanajenga nyumba na kukaa ndani yake wao wenyewe, wanapanda mizabibu na kula matunda yake. Hajengi mmoja akakaa mwingine, hapandi mmoja akala mwingine. Halafu ndipo linakuja neno la kujibiwa kabla ya kuomba. Kwa nabii huyu, maombi yanayojibiwa upesi na mkulima anayekula mazao ya shamba lake ni mambo ya ulimwengu mmoja. Anayehubiri la kwanza na kuliruka la pili amehubiri nusu.

Hata hivyo manabii hawakuiacha habari hiyo yote kwa siku zijazo. Wana kisa cha mtu aliyejibiwa wakati machozi hayajakauka.

Kisa gani hicho?

Cha Hezekia, mfalme wa Yuda. Kimeandikwa 2 Wafalme 20 na tena Isaya 38. Mfalme ameugua, na Isaya mwana wa Amozi anamletea ujumbe usio na mlango wa kutokea: tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa. Hezekia anageuza uso ukutani, anaomba, analia sana. Isaya yuko njiani anaondoka. Hajatoka hata kwenye ua wa katikati wa jumba la mfalme (nakala nyingine husema hajafika katikati ya mji) anapoambiwa arudi. Ujumbe mpya: "Nimeyasikia maombi yako, na kuyaona machozi yako." Siku ya tatu atapanda kwenda nyumba ya Bwana, na anaongezewa miaka 15.

Kuna mambo mawili katika kisa hiki ambayo hayasemwi sana mimbarani.

La kwanza ni dawa. Baada ya jibu kutoka, Isaya anaagiza mkate wa tini uletwe, uwekwe juu ya jipu. Nabii aliyeleta neno la uponyaji ndiye huyohuyo aliyeagiza tiba. Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya ARV au sindano ya insulini ili "kuonyesha imani" asimtaje Hezekia kama shahidi wake.

La pili ni kile kilichofuata. Katika miaka hiyo ya nyongeza walikuja wajumbe wa Merodak-Baladani wa Babeli, Hezekia akawaonyesha hazina yote, na Isaya akamwambia kwamba siku moja vyote vitachukuliwa kwenda Babeli. Kisha soma mstari wa kwanza wa sura ya 21: Manase alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 12. Kwa hesabu ya kitabu chenyewe, mtoto huyu alizaliwa ndani ya ile miaka 15, naye ndiye mfalme ambaye kitabu kinamlaumu kuliko wote kwa maangamizi ya Yuda. Mwandishi hasemi Hezekia alikosea kuomba. Anaziacha habari hizo mbili bega kwa bega na kuendelea na safari.

Kwa nini unataja Wafalme na Samweli? Hivyo si vitabu vya historia?

Katika mpangilio wa Biblia ya Kiebrania, Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme huitwa Manabii wa Kwanza, na Isaya, Yeremia, Ezekieli pamoja na wale Kumi na Wawili (Hosea hadi Malaki) huitwa Manabii wa Mwisho. Kwa hiyo Hana mama yake Samweli, Eliya na Elisha wamo ndani ya mada yetu kihalali kabisa.

Na Danieli?

Biblia za Kikristo humweka baada ya Ezekieli. Wayahudi humweka katika sehemu ya tatu, Maandiko. Lakini huwezi kumwacha, kwa kuwa sura yake ya 9 inasomeka kama Isaya 65:24 iliyogeuzwa kuwa tukio. Danieli anasoma vitabuni neno la Yeremia kuhusu miaka 70, anaomba toba kwa ajili ya taifa, na angali ananena Gabrieli anafika wakati wa dhabihu ya jioni na kumwambia kwamba amri ilitoka mwanzoni mwa maombi yake. Sura ya 10 inaonyesha upande mwingine: maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza, ila mjumbe alizuiwa siku 21. Kusikiwa na kupokea si lazima viwe siku moja.

Yeremia 33:3 ndiyo "namba ya simu ya Mungu"?

Watoto wa Sunday school wanaipenda hiyo 333, na haina ubaya kama njia ya kukumbuka mstari: "Niite, nami nitakuitikia, nami nitakuonyesha mambo makubwa, magumu usiyoyajua." Ubaya unaanza tunaposahau simu hiyo ilipigwa kutoka wapi.

Yeremia alikuwa mahabusu katika uwanda wa walinzi, Yerusalemu, mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, yaani karibu mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Ndani kuna njaa. Mstari unaofuata, wa 4, unazungumzia nyumba zilizobomolewa ili kujihami dhidi ya boma la adui. Na hayo "mambo makubwa" aliyoonyeshwa ni yapi? Kwamba mji utaanguka kwanza na nyumba zitajaa maiti. Baadaye, baada ya hayo yote, Bwana ataleta afya na kuponya, na sauti ya bwana arusi na bibi arusi itasikika tena katika mitaa iliyokuwa tupu.

Yeremia mwenyewe hakufunguliwa kwa sababu aliita. Alikaa katika uwanda ule mpaka siku mji ulipotekwa. Sura moja nyuma alikuwa amenunua shamba la binamu yake Hanameli kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati eneo lote liko mikononi mwa adui, kisha akamwomba Mungu amweleze maana ya biashara ile ambayo dalali yeyote angemcheka. Jibu lilikuja likiwa refu na wazi. Lakini lilikuwa neno la kushika akiwa bado kifungoni.

Kama Mungu yuko tayari hivyo, kwa nini tunaomba na kufunga halafu kimya?

Swali hili waliliuliza kabla yetu. Isaya 58:3: mbona tumefunga, lakini huoni? Jibu limo katika mstari huohuo: siku ya kufunga kwenu mnatafuta anasa zenu na kuwalemea wote wanaowafanyia kazi. Mwajiri amefunga, na mfanyakazi wake anasukumwa vilevile. Mungu anasema saumu anayoitaka ni kufungua vifungo vya uovu, kuwaacha huru walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula, kumwingiza nyumbani maskini aliyetupwa nje. Baada ya hayo ndipo mstari wa 9 unasema: "Ndipo utaita, na Bwana ataitika, utalia, naye atasema, Mimi hapa."

Maneno "Mimi hapa" yanajulikana. Ndivyo alivyoitika Ibrahimu alipoitwa, ndivyo alivyoitika Musa kijitini, ndivyo alivyoitika mtoto Samweli akikimbilia kwa Eli, ndivyo alivyosema Isaya hekaluni. Ni itiko la mtumishi kwa bwana wake. Katika sura hii analitamka Bwana.

Sasa tuwe wakweli. Katika nyumba zetu kuna dada wa kazi ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita haujatoka, na anaamshwa alfajiri kupika chai ya watu waliotoka mkesha. Isaya 58 haihitaji mfasiri katika nyumba hiyo.

Sura ya 59 inaendelea palepale: mkono wa Bwana haukupunguka hata usiweze kuokoa, wala sikio lake si zito hata lisiweze kusikia, maovu yenu ndiyo yaliyowafarikisha. Ukiendelea kusoma utaona maovu yenyewe ni mahakama zinazopindisha haki, uongo, na damu isiyo na hatia.

Kwa hiyo kila asiyejibiwa ana dhambi iliyofichika?

Hapana, na tafadhali usimwambie mtu hivyo akiwa wodini.

Manabii wanapotangaza kwamba Mungu hatasikia, angalia wanaongea na nani. Mika 3:4 inasema watamlilia Bwana naye hatawaitikia. Ni akina nani hao? Mistari mitatu ya kwanza inawataja: wakuu wa Yakobo, wanaopaswa kuijua hukumu, lakini wanawachuna watu ngozi na kuwala nyama. Zekaria 7 inazungumza na watu walioambiwa wasimdhulumu mjane, yatima, mgeni wala maskini, wakaziba masikio. Walivyoitwa wasisikie, ndivyo walivyoita wasisikiwe. Ezekieli 14 inawahusu wazee wa Israeli waliokuja kuketi mbele ya nabii huku sanamu zao zimo mioyoni. Makemeo hayo yanaelekezwa juu, kwa wenye nguvu. Kumgeuzia mjane mwenyewe aliyedhulumiwa makemeo hayo ni kuyapindua.

Mtu mwema naye huweza kukutana na kimya. Yeremia anauliza mbona maumivu yake ni ya daima na jeraha lake halina dawa, na anathubutu kumwambia Mungu kwamba amekuwa kwake kama kijito kidanganyacho, maji yasiyodumu (15:18). Sala hiyo imo ndani ya maandiko matakatifu. Haikufutwa.

Habakuki alijibiwa nini?

Alianza kwa kulalamika: "Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Tatizo lake lilikuwa dhuluma ndani ya Yuda, sheria iliyolegea, haki iliyopotoshwa. Jibu likaja: Mungu anawainua Wakaldayo, yaani Wababeli, taifa kali, lenye farasi wepesi kuliko chui.

Jibu lile lilikuwa baya kuliko swali! Habakuki hakusema asante. Alirudi na swali la pili, gumu zaidi: unawezaje kunyamaza mwovu akimmeza aliye mwenye haki kuliko yeye? Kisha akapanda mnarani kungoja, akisema ataangalia aone atakavyoambiwa. Akaamriwa aandike njozi kwenye vibao, iwe rahisi kusomeka. Ijapokawia, aingojee, maana haina budi kuja.

Kitabu kinafungwa kwa mtini usiochanua, zizi lisilo na ng'ombe, na mtu anayeimba hivyohivyo. Usikimbilie wimbo wa sura ya 3 bila kupitia hasira ya sura ya 1. Habakuki hakukimbia.

Inabidi tuombe kwa sauti kubwa, au usiku kucha?

Mlima Karmeli ndio mahali pa kujifunzia, 1 Wafalme 18. Manabii 450 wa Baali waliita tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakaruka-ruka, wakajikatakata kwa visu hadi damu ikawachuruzika. Eliya akawatania: iteni kwa sauti kubwa, labda mungu wenu amesafiri, labda amelala. Zamu yake ilipofika, sala yake ilikuwa mistari miwili. Moto ukashuka.

Lakini usitunge sheria kutokana na hilo, kwa sababu jioni ileile Eliya huyohuyo aliomba mvua akiwa ameinama, uso katikati ya magoti, akamtuma mtumishi wake mara 7 kutazama upande wa bahari kabla ya kuonekana kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Moto mara moja, mvua mara ya saba. Mwombaji mmoja, siku moja.

Na kuna Hana, 1 Samweli 1. Midomo ilitikisika, sauti haikusikika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Katika Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, sala ya mwanamke huyu aliyedhaniwa mlevi imekuwa chanzo cha kanuni kadhaa za namna ya kusali, ikiwemo hii ya kutamka kwa midomo bila kupaza sauti. Mkesha haujakatazwa, kelele hazijakatazwa. Ila majirani wanaoshindwa kulala kwa sababu ya spika zenu wana hoja, na hoja yao ina mstari wa Biblia.

Sadaka ya "kupanda mbegu" huharakisha jibu?

Soma 2 Wafalme 5 hadi mwisho, usiishie kwa Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, kuzama mara saba Yordani. Naamani alikuja na talanta 10 za fedha, dhahabu 6,000 na mavazi 10. Alipopona alimsihi Elisha apokee zawadi. Elisha akaapa hapokei kitu. Gehazi, mtumishi wake, akakimbia nyuma ya gari na kutunga uongo, akapata talanta mbili na mavazi mawili. Alirudi nyumbani na ukoma wa Naamani.

Mika 3:11 inaongeza: makuhani wao hufundisha kwa ijara na manabii wao hubashiri kwa fedha, kisha wanajitumainisha kwamba Bwana yu kati yao. Kutoa sadaka ni jambo moja. Kulipia jibu la Mungu kwa M-Pesa ni jingine, na manabii walilijua kabla simu hazijavumbuliwa.

Maombi yanaweza kubadilisha kile Mungu alichokusudia?

Manabii wanasimulia hivyo bila kuona haya. Amosi, mchungaji wa Tekoa katika karne ya 8 kabla ya Kristo, anaonyeshwa nzige wakitokea mimea ya vuli inapoanza kuchipua, baada ya mavuno ya mfalme. Maana yake fungu la serikali limeshachukuliwa; kinacholiwa ni chakula cha wakulima. Waliokuwa Samburu au Turkana mwaka 2020 wanajua nzige wakitua kinabaki nini. Amosi anaomba kwa hoja fupi: Yakobo atasimamaje, maana ni mdogo? Bwana anaghairi. Inakuja njozi ya moto. Amosi anarudia ombi, Bwana anaghairi tena. Njozi ya tatu ni ya timazi, kamba ya fundi ya kupimia unyofu wa ukuta, na safari hii Amosi haombi kitu. Kwa nini? Kitabu hakisemi.

Yona ni kinyume chake. Ugomvi wake na Mungu ni kwamba Mungu anasamehe upesi mno. Ninawi wamevaa magunia, hata wanyama wao, Bwana ameghairi, na nabii amekasirika hadi anaomba afe. Anasema wazi kwamba ndiyo sababu alikimbilia Tarshishi: alijua Mungu huyu ni mwenye neema, si mwepesi wa hasira. Utayari wa Mungu kujibu, ambao sisi tunautafuta kwa machozi, kwa Yona ulikuwa kero kwa sababu ulimfikia adui.

Atakayekuambia "Mungu habadiliki, basi" mpe 1 Samweli 15 asome. Mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli. Mstari wa 29 Samweli anasema Mungu si mwanadamu hata ajute. Mstari wa 35 Bwana anajuta tena. Mwandishi aliyaweka yote matatu ndani ya sura moja, na hakuwa msahaulifu.

Je, Mungu aliwahi kukataza watu wasiombewe?

Ndiyo. Yeremia 7:16, 11:14 na 14:11. Anaambiwa hata Musa na Samweli wangesimama mbele zake, haitasaidia (15:1).

Cha ajabu ni mwisho wa sura ya 14. Baada ya katazo, Yeremia anaendelea kuomba: je, umemkataa Yuda kabisa? Tukumbuke, usilivunje agano lako. Hakutii katazo lile, na hakuna mahali anapokemewa kwa kosa hilo. Linganisha na Ezekieli 22:30, ambapo Mungu anatafuta mtu wa kusimama mahali palipobomoka ili asiiharibu nchi, asimwone. Na Isaya 62 inawaweka walinzi juu ya kuta wasiomwacha Mungu akae kimya. Nikiyaweka pamoja, naona Mungu anayesema "usiombe" huku akisikiliza kama kuna atakayeomba. Wapo wasomaji wazuri wasiokubaliana nami hapo.

Asiye wa taifa la Israeli alisikiwa?

Mara nyingi tu. Mabaharia wa Yona walimlilia Bwana wakaokoka. Sulemani, katika 1 Wafalme 8, anaomba hasa kwa ajili ya mgeni anayetoka nchi ya mbali, afanyiwe yote atakayoomba. Isaya 56:7 inaiita nyumba ile nyumba ya sala kwa mataifa yote.

Wayahudi wenyewe huyatumiaje maandiko haya katika sala?

Siku za kufunga huongeza sala iitwayo Anenu, yaani "utujibu", na ndani yake wananukuu Isaya 65:24 neno kwa neno. Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, asubuhi husomwa Isaya 57:14 hadi mwisho wa 58, ile sura inayokemea saumu za bure. Inasomwa mbele ya watu waliofunga, matumbo yakinguruma. Alasiri husomwa Yona chote. Kisa cha Hana ni somo la siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya. Aliyepanga masomo hayo alijua anachofanya.

Ni muda gani wa kawaida wa kungoja?

Hakuna. Hezekia hakungoja hata nabii avuke ua. Mateka wa Babeli waliandikiwa barua (Yeremia 29) wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea mji wa adui amani, kwa kuwa itachukua miaka 70. Ndani ya barua hiyohiyo mna ahadi kwamba wakimwita na kumwomba, atawasikiliza. Walioisoma wakiwa watu wazima wengi wao walifia kulekule.

Na kama jibu likija nami silitaki?

Hapo msome Yohanani mwana wa Karea, mmoja wa wakuu wa majeshi ya Yuda, Yeremia 41 hadi 43. Yerusalemu imeanguka, Gedalia, liwali aliyewekwa na Babeli, ameuawa, na mabaki ya watu wanaogopa kisasi cha Wababeli. Tayari wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, njia ya kwenda Misri. Wakiwa hapo wanamjia Yeremia, mkubwa kwa mdogo, wamwombe awaulizie kwa Mungu, na wanaapa: likiwa jema au likiwa baya, tutaitii sauti ya Bwana.

Zinapita siku 10. Neno linakuja: kaeni katika nchi hii, msimwogope mfalme wa Babeli, nami nitawajenga; mkienda Misri, upanga na njaa mnavyovikimbia vitawapata hukohuko. Ni jibu kamili, lenye sababu, ahadi na onyo, kuliko majibu mengi tunayoyaota sisi.

Yohanani na wenzake wakamwambia Yeremia, "Unasema uongo." Wakadai Baruku mwana wa Neria, mwandishi wake, ndiye aliyemchochea. Kisha wakafungasha, wakashuka hadi Tahpanhesi huko Misri, na Yeremia wakamchukua wakaenda naye.